Mwanao kanaswa na bangi bwenini? Pigania kwanza abaki shule

Dada, kama nimeelewa ulichotuandikia hapa jukwaani, kijana wako wa kidato cha pili amekutwa na msokoto wa bangi bwenini, bodi ya shule inakaa wiki ijayo kuamua kama afukuzwe, baba yake anataka apelekwe soba (nyumba ya kuwaachisha watu madawa ya kulevya), na shemeji yako anakwambia ununue kipimo cha mkojo. Nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha sekondari kwa miaka mingi, na sasa nafanya kazi kwenye kituo cha kutwa cha vijana ambao shule walishaachana nayo. Nimewaona wakiwa ndani ya geti na nimewaona wakiwa nje.

Pigania abaki shule. Nenda na mtu ambaye mkuu wa shule atamsikiliza, omba adhabu nyingine yoyote ile: asimamishwe kwa muda, asafishe vyoo muhula mzima, awe anaripoti kwa mwalimu wa malezi kila jioni. Mtoto anayevuta akiwa shule huvuta kwa kuibia, saa chache, na amezungukwa na wenzake wengi wasiovuta. Akifukuzwa, anaamka saa nne asubuhi hana pa kwenda, na walio na nafasi ya kukaa naye saa hizo ni watu wa kijiweni, tena wengine watu wazima wenye hela na vidonge mfukoni. Vijana ninaoshinda nao wakinisimulia safari zao, mara nyingi walianza kuvuta wakiwa shule, lakini kwenye vidonge na unga (heroini) waliingilia mtaani, baada ya daftari kufungwa.

Na huko nje sababu zenyewe hubadilika. Mwanafunzi huvuta kwa udadisi, kwa kutaka kukubalika na wenzake, au kwa sababu hapati usingizi na hana wa kumwambia. Anayelala nje hunusa gundi ya kwenye chupa ili asisikie njaa na baridi, na usiku asiogope. Kwake ile chupa ina kazi, na ukimnyang'anya bila kumpa chakula na mahali pa kulala, kesho utaikuta nyingine. Nikiwa hapo niseme jambo moja kwa wote, wakiwemo walinzi na mgambo: mtoto aliyetoka kunusa gundi au petroli usimkurupushe wala usimkimbize. Mvuke ule huuvuruga moyo, na mshtuko au mbio za ghafla zinaweza kuusimamisha hapo hapo, hata kwa anayejaribu mara ya kwanza.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema bangi ni majani tu, yeye alivuta ujanani na mpaka leo mzima. Sawa mkuu, lakini ya siku hizi ni kali zaidi. Kwenye sampuli zinazokamatwa Marekani, THC, ile kemikali inayolewesha, ilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia 2021 ilishapita 15. Umri nao una hesabu yake. Ubongo huendelea kukua hadi mtu anakaribia miaka 25, na sehemu ya kupima matokeo ya jambo na kujizuia ndiyo hukomaa mwisho. Inakadiriwa kuwa kati ya wote wanaojaribu bangi, kama asilimia 9 hunasa, yaani hushindwa kuacha. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni kama 17. Maana yake wengi hawanasi, kwa hiyo usimlilie mwanao kama vile umeshampoteza. Ila usimpuuze.

Kipimo cha mkojo mimi nisingekimbilia. Kwa mvutaji wa kila siku bangi inaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha, hivyo utamtuhumu kijana ambaye ameshaanza kujirekebisha. Pombe hutoka mwilini haraka, na gundi vipimo vya kawaida havikamati kabisa. Nimewajua vijana walioacha bangi wakahamia kwenye vitu hivyo hivyo visivyoonekana, na mama anashangilia majibu safi.

Badala yake muulize, mkiwa wawili tu na baba akiwa mbali. Wahudumu wa afya wana maswali sita ya kuwapima vijana, yanaitwa CRAFFT, na baadhi yake hata mzazi anaweza kuyatumia: Umewahi kupanda gari ambalo dereva wake amelewa? Huwa unatumia ili utulie au ujisikie unafaa? Unatumia ukiwa peke yako? Husahau ulichofanya? Mimi hilo la peke yake ndilo huniondoa usingizi. Anayevuta na kundi, mara nyingi anatafuta kundi. Anayejifungia chooni kuvuta mwenyewe ana kitu anakizima, na hicho ndicho cha kushughulikia: kuonewa bwenini, huzuni, wakati mwingine kuna mtu mzima anamfanyia ubaya.

Soba kwa msokoto mmoja ni kumpeleka akakae na watu wazima waliokwisha kutumia unga, wamfundishe asiyoyajua. Mtafutie mshauri au kliniki ya vijana, anakwenda na kurudi nyumbani. Kama alikuwa akivuta kila siku, mtarajie hasira, kukosa usingizi na kukataa chakula. Huanza siku za kwanza na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Usidhani ni jeuri. Lakini ukigundua anatumia pombe kila siku au vidonge jamii ya valiamu, usimwachishe ghafla nyumbani, maana arosto (mateso ya mwili ukikosa ulichozoea) ya hivyo huweza kuleta degedege na hata kifo. Hapo ni hospitali.

Mengine mliyopendekeza, kama kuwaita polisi waje kuwatisha wanafunzi, yalishajaribiwa. Mpango wa D.A.R.E. ulianza Los Angeles mwaka 1983, polisi wakiingia madarasani, na tafiti zilizofuata hazikuona tofauti ya maana. Iceland waliwapa vijana michezo na muziki wa kulipiwa na serikali za mitaa, wakawahimiza wazazi wakae zaidi na watoto wao, na vijana wa miaka 15 na 16 waliosema wamelewa ndani ya mwezi mmoja walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016.

Sasa kikao. Watamshinikiza ataje aliovuta nao, pengine wamwahidi nafuu. Omba hilo lisifanyike mbele ya watu. Akiwataja hadharani halafu akarudishwa bweni lile lile, usiku wa kwanza tu atakiona. Kama kuna mtu mzima anayeingiza bangi shuleni, amwambie mwalimu mmoja anayemwamini, faraghani, nawe ukiwa umekaa pembeni yake.