Asiyekula hashikwi! Mkuu, toa mkono kwenye hilo tangi la chatu

Yaani chatu ana siku tatu tangu umlete, hajala, anajificha, na kila jioni unamtoa nusu saa ili awazoee watoto? Nimefika hapo kwenye swali lako nikajikuta nimeshika kidole gumba changu bila kujijua.

Mimi niko Ohio na niliingizwa mjini hivyo hivyo. Kijana wa dukani, shati lina picha ya mjusi, akaniambia bila aibu: "Mshike kila siku kuanzia leo, wiki haiishi atakuwa kama paka." Paka! Nikikutana naye tena nitamkabidhi paka wa kweli anionyeshe wamefanana wapi. Kumbe yeye alikuwa anafunga hesabu za siku, mimi nikabeba boksi langu najiona mtaalamu.

Siku ya nne nikamyeyusha panya wa barafu kwenye maji ya moto, nikamning'iniza kwa koleo. Chatu akatoa ulimi, akanusa, akarudi pangoni. Nikasubiri dakika ishirini, nikamtupa panya. Sasa sikiliza ujinga wenyewe. Nikajisemea: haya, kama huli, basi angalau tucheze. Mikono sikunawa. Nikaushusha mkono kutoka juu mpaka ndani ya pango lake.

Hawa chatu wetu wadogo wa Ghana, Togo na Benin, wanaojikunja kama mpira wakiogopa, wana vishimo mdomoni vya kuhisi joto. Sasa jiweke kwenye nafasi yake: kitu cha moto, kinanuka panya, kinashuka kama mwewe. Ama ni chakula ama ni adui, na jibu la vyote viwili ni meno.

Kuumwa kwenyewe wala hakukuniuma sana. Hana sumu, na alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kilichonitia hasara ni sekunde iliyofuata: nikavuta mkono. Meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni kama ndoana, kazi yake ni kuzuia kilichoingia kisitoke. Ukivuta unajichana wewe na unamng'oa yeye. Ningetulia tu, nikampitisha mdomo chini ya bomba la maji baridi, angeachia mwenyewe. Mimi nikavuta kama nang'oa muhogo, na yowe nililopiga jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Vipande viwili vya meno vikabaki kidoleni, kikavimba wiki nzima, na kazi yangu ni kufungasha maboksi. Hiyo ndiyo nafuu. Fizi za chatu zikachanika, kidonda kikaoza, mdomo ukajaa mate mazito. Si kila daktari wa mifugo anapokea nyoka, kwa hiyo nikaendesha gari saa moja na nusu, akaandikiwa sindano kila baada ya siku tatu. Jumla dola 410. Chatu mwenyewe nilimnunua 60! Halafu akagoma kula miezi minne. Shangazi yangu wa Tanga kila akipiga simu anauliza kama ameshaanza kutema hela, maana si unajua nyumbani mwenye chatu ndani anavyofikiriwa. Nikamwambia shangazi, huyu wa kwangu anazimeza.

Kwa hiyo asiyekula hashikwi. Wiki nzima ya kwanza ni maji na usafi tu. Kisha mpe chakula. Akikataa, kiondoe, ngoja wiki nyingine. Akila, hesabu saa 48 kamili, maana ukimsumbua tumbo limejaa atakutapikia. Ale mara tatu mfululizo bila kugoma ndipo umtoe, tena dakika tano, achana na hiyo nusu saa. Kwa huyu wangu wa pili nilingoja wiki tano. Mke wangu akawa anawaambia wageni tunafuga tangi.

Siku hiyo ikifika nawa kwa sabuni kabla, harufu iishe, na nawa tena baada, kwa ajili ya salmonela, vijidudu vya kuharisha ambavyo nyoka hubeba. Una watoto, hili la pili usilifanyie mzaha. Mguse kwanza mgongoni kwa kijiti ajue si saa ya kula, kisha pitisha mkono ubavuni umbebe katikati ya mwili. Shingo ikijikunja kama herufi S, funga mfuniko ukanywe chai. Macho yakifanya ukungu wa bluu anataka kujivua gamba (gamba lenyewe, sisemi lile la CCM la 2011), haoni vizuri, mwache.

Na kuna bwana mmoja wa video anayesema ukirudisha mkono nyoka "anakudharau". Nilimwamini na huyo! Nyoka hana dharau, mkuu. Ana njaa, ana baridi, ana woga, basi.

Uliuliza na mambo ya taa na nini sijui, wenzangu watakujibu. Wewe leo funika kioo kwa taulo pande tatu, badilisha maji, ondoka chumbani na hao watoto. Ukimtoa jioni hii, picha ya kidole usinitumie, ninacho changu.