Maswali ya Wasomaji: Mhusika nilimchora mimi, wakamalizia na AI, sasa ni wa nani?

Mwezi huu nilifungua barua zenu nikidhani nitaulizwa brashi gani nzuri na kompyuta gani inatosha kuchorea, kumbe karibu zote ni AI, AI, AI, yaani hizi programu za akili bandia zinazokuchorea picha. Haya, tuongee. Mimi sio wakili, ni mchoraji wa gemu tu niliyewahi kuumwa na nyoka, kwa hiyo hata nikiona unyasi nashtuka, mnisamehe nikipandisha sauti hapa na pale.

Dada habari za kazi. Nachora wahusika wa gemu kwa kujitegemea. Kuna jamaa wawili niliwachorea wahusika sita, wakanilipa hela yangu yote, ila hatukuandikiana mkataba, zilikuwa meseji tu. Juzi naona tangazo la gemu yao ya pili, wahusika ni wale wale kabisa, wamebadilishwa nguo na wamesimama vingine. Nimewauliza wananiambia "hizi tumetengeneza na AI, sio zako tena". Nina haki yoyote au ndo imetoka hiyo?

Pole mdogo wangu. Haijatoka. Ila tuanze na kitu ambacho wachoraji wengi tunakichanganya, kulipwa hela ya kazi na kuuza haki ya kazi ni vitu viwili. Nchi zaidi ya 180 ziko kwenye ule mkataba wa Berne wa mwaka 1886, na msingi wake ni kwamba haki inazaliwa pale pale kazi inapotoka mkononi mwako, hulazimiki kwanza kwenda kuiandikisha sehemu. Ukiwa umeajiriwa mara nyingi mwenye kazi ni mwajiri, hapo hatubishani. Lakini wewe wa kujitegemea ambaye hujasaini popote kwamba unahamisha haki zako, katika nchi nyingi haki inabaki kwako, mteja anapata ruhusa ya kutumia picha kwa ile kazi mliyokubaliana, basi. Je mlikubaliana gemu moja au "wahusika wetu" kwa ujumla? Rudi ukazisome hizo meseji taratibu, neno kwa neno, maana mkataba wenu ndo huo hata kama umejaa emoji.

Sasa hilo la "tumetengeneza na AI". Watu wanaongea kana kwamba hiyo programu ni mashine ya kufulia, unaingiza picha ya mtu huku inatoka kule haina mwenyewe. Wapi! Ukichukua mchoro wa mtu ukaupitisha humo akatoka mhusika yule yule kavaa koti jingine, umetengeneza kazi inayotokana na kazi ya mwenzio, na hiyo inahitaji ruhusa yake, uwe umetumia penseli, uwe umetumia AI. Na kinachonichekesha ni kwamba kwa utetezi huo wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuhusu kitabu cha katuni ambacho picha zake zilitoka Midjourney, programu ya AI ya kuchora, wakasema maandishi yanalindwa, mpangilio unalindwa, picha zenyewe hapana kwa sababu hazikuchorwa na mtu. Machi 2025 mahakama ya rufaa kule Washington ikakazia, mtunzi lazima awe binadamu. Kwa hiyo hebu fikiria, wao wanasema imechora mashine, wewe unasema nimechora mimi, sasa kati yenu nani ana kitu cha kudai?

Shida inakuja kwenye ushahidi, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Mi nilishachora ndege mmoja ana mkoba begani. Wakati nachora niligeuza mchoro kushoto kulia kama kwenye kioo, ile tunayofanya wote ili kuona makosa, nikasahau kurudisha, nikachora kifungo cha mkoba upande usio wake, na kwa uvivu wangu nikakiacha. Miezi kadhaa baadae studio moja, siitaji, ikatoa ndege wa AI, rangi nyingine, mdomo mwingine, macho makubwa kama sahani, na kifungo kiko upande ule ule usio wake! Nilicheka kwanza ndo nikalia. Waliponiambia "thibitisha", mafaili yenye leya, yale yanayotunza mchoro tabaka kwa tabaka, nilikuwa nimeshayafuta kupata nafasi kwenye kompyuta, nimebaki na PNG moja, picha iliyokamilika tu, ambayo hata wao walikuwa nayo. Kilichoniokoa ni picha ya skechi ya kwanza niliyomtumia rafiki yangu kwa simu, karatasi imekunjamana, kidole gumba changu kinaonekana kwenye kona, tarehe iko pale juu ya meseji. Wakamtoa ndege kimya kimya. Samahani sijaombwa mpaka leo.

Kwa hiyo usikimbilie kwanza kuwaanika mtandaoni. Kaa chini, fungua mafaili yenye leya, weka mhusika wako na wa kwao pembeni kwa pembeni, tafuta vile vitu vidogo ambavyo mtu hawezi kuvipata kwa bahati, kovu, mshono uliopinda, kosa lako mwenyewe, piga skrinishoti za tangazo lao kabla hawajalifuta, alafu waandikie barua fupi ya heshima isemayo hivi ndivyo nilivyochora, hii ndo tarehe, mlikuwa na ruhusa ya gemu hii, hiyo nyingine tukae tukubaliane malipo au muwatoe. Wakikaa kimya ndo unatafuta wakili, na utaenda kwake na faili limeshapangwa badala ya hasira tupu.

Habari. Mimi ni developa, natengeneza gemu niko peke yangu, kuchora sijui hata kidogo na hela ya mchoraji sina, picha zote za gemu yangu nimetoa kwenye AI, promti (yale maelezo unayoiandikia ichore) zaidi ya mia tatu, nimehangaika nazo usiku na mchana. Je ni zangu? Na Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, watanikataa?

Steam hawakukatai kwa hilo peke yake. Tangu Januari 2024 wana fomu, unaeleza picha au sauti gani zilitengenezwa na AI kabla gemu haijatoka, na kama kuna kinachotengenezwa mle mle wakati mtu anacheza unaeleza umeweka ulinzi gani kisije kikatoa upuuzi, na maelezo hayo wachezaji wanayaona kwenye ukurasa wa gemu. Jaza ukweli.

Kuhusu kuwa zako, ndugu yangu jasho la promti halihesabiki kama unavyodhani. Kuna jamaa Marekani alieleza kwamba alipitia promti 624 mpaka picha yake ikakaa sawa, Septemba 2023 ile ile Ofisi ya Hakimiliki ikamkatalia, na ripoti yao ya Januari 2025 inasema promti peke yake hazitoshi kukufanya mtunzi wa picha. China nako, Novemba 2023, Mahakama ya Intaneti ya Beijing ikamkubalia mtu haki ya picha aliyotoa kwenye AI kwa sababu waliona amechagua na kurekebisha vya kutosha. Kwa hiyo inategemea uko wapi na kesi itasikilizwa wapi. Code yako ni yako, hadithi ni yako, mpangilio wa hatua za gemu uko salama zaidi, lakini mtu akinyofoa picha yako ya msitu akaibandika kwenye gemu yake unaweza kujikuta huna pa kushika. Na yale masharti ya programu yanayosema "picha zote ni mali yako", yasome vizuri, maana yake wao hawakudai. Haki ambayo sheria haikuitambua hawawezi kukugawia.

Mi sikuiti mwizi, sina muda huo, ila usifiche. Desemba 2025 waandaaji wa Indie Game Awards, tuzo za gemu za studio zinazojitegemea, waliinyang'anya gemu ya Clair Obscur: Expedition 33 tuzo walizoipa siku chache tu nyuma, sababu studio ilikuwa imekubali kwamba haikutumia AI, kumbe kuna tekscha za muda, zile picha za kuvalisha vitu ndani ya gemu, zilizotoka na gemu, wakaja kuzibadilisha baadae. Tekscha za kushikia nafasi tu! Kama unaweka picha ya AI ili mchoraji aje abadilishe, ipe jina la faili linalopiga kelele, andika BADILISHA_HII, maana usiku wa kutoa gemu hakuna anayekumbuka kitu.

Alafu kingine, una uhakika hela ya mchoraji huna au hukuwahi kuuliza? Picha zote sawa huziwezi, lakini mhusika mkuu na kava vichorwe na mtu, hivyo ndo vitu utakavyotaka kuvidai siku gemu ikipendwa.

Kuna watu wanaandika jina langu kwenye promti ili watoe picha za staili yangu. Naweza kuwashtaki?

Kwa staili, hapana, na japo inauma mi nadhani ni sawa. Staili haina mwenyewe. Wewe na mimi tulijifunza kwa kukopi watu, kama mtindo wa macho au wa kivuli ungekuwa na mwenyewe wote tungekuwa rumande. Kinacholindwa ni picha yenyewe na mhusika uliyemuumba.

Ila kuna mlango mwingine, ule wa jinsi hizo programu zilivyojifunza. Mkusanyiko wa LAION-5B uliotumika kufundishia Stable Diffusion, programu nyingine ya AI ya kuchora, ulikuwa na viungo vya picha bilioni 5.85 vikiwa na maelezo yake, vimezolewa kutoka intaneti, hakuna mchoraji aliyeulizwa. Mchoraji wa Poland Greg Rutkowski, ambaye kashachorea gemu kubwa, mwaka 2022 jina lake liliandikwa kwenye promti kiasi kwamba ukitafuta kazi zake ulikuwa unakutana na picha ambazo hajawahi kuzigusa. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, wakafungua kesi California dhidi ya Stability AI (wenye Stable Diffusion), Midjourney na DeviantArt (tovuti ya kuonyeshea michoro), na Agosti 2024 jaji akaruhusu madai yao ya hakimiliki yaendelee. Wanachobishania pale ni picha kunakiliwa ili kufundishia mashine, staili sio hoja yao kubwa.

Zile programu za kuweka sumu kwenye picha zinafanya kazi kweli?

Zipo mbili, Glaze na Nightshade, zote za Chuo Kikuu cha Chicago na zote za bure. Glaze inavuruga ili mashine isishike staili yako, Nightshade inaidanganya ione kitu kingine. Zinasaidia, ila sio ngao ya milele, na picha zako zilizochukuliwa zamani zimeshachukuliwa. Angalizo kwa wa gemu, kwenye rangi bapa na anga tupu alama zinazoachwa na programu hizi zinaonekana sana, kama una picha za pikseli au rangi chache utakasirika. Weka kwenye picha za kuonyeshea kazi, faili la mteja mpe safi.

Studio inataka nisaini mkataba wenye mstari "kazi zote zinaweza kutumika kwa namna yoyote, ikiwemo kufundisha mifumo". Nisaini? Nahitaji hela.

Najua unahitaji, ndo maana wameuweka huo mstari. Usiukatae kwa kufoka, uuzie. Waambie kuchora ni bei hii, kufundishia AI ni kazi nyingine na ina bei yake. Waigizaji wa sauti za gemu walio kwenye chama cha SAG-AFTRA waligoma Julai 2024, karibu mwaka mzima, AI ikiwa ndo hoja kubwa, na walichokuja kupata ndani yake kuna ridhaa na taarifa kabla sauti ya mtu haijaigwa na kompyuta. Sisi chama kama hicho wengi hatuna, tuna mistari ya mkataba tu. Warudishie hivi: "Michoro hii na mafaili yake ya leya haitatumika kufundisha wala kulisha mfumo wowote wa AI bila ridhaa ya maandishi ya mchoraji na malipo ya ziada." Hapo kwenye "kulisha" usipaachie, maana wengine hawafundishi chochote, wanabandika tu mchoro wako kwenye programu na kuagiza wengine kumi wa hivyo hivyo, kama walivyofanyiwa wale wahusika sita pale juu. Wakikujibu niandikie, hasa kama wataufuta bila kubisha, nataka kujua ni wangapi wanaufuta wakiulizwa tu.