Maswali na Majibu: Bili ya Mwisho Baada ya Safari ya Meli ya Kitalii

Tulisafiri kwa meli kutoka Galveston, Texas. Bili tuliyoachiwa mlangoni asubuhi ya mwisho ilionyesha dola 412, lakini benki imezuia zaidi ya dola 700 kwenye akaunti yangu. Je, tumelipishwa mara mbili?

Yaelekea hamjalipishwa mara mbili. Ndani ya meli hizi kila kinywaji, picha na kifurushi cha intaneti huandikwa kwenye akaunti ya chumba, na kadiri matumizi yanavyoongezeka ndivyo kampuni inavyoiomba benki izuie kiasi fulani, ili iwe na hakika ya kulipwa. Jumla halisi hudaiwa safari inapomalizika, na zile fedha zilizozuiwa awali hubaki zimefungwa mpaka benki yenyewe izifungue, jambo ambalo kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti linaweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Fungua taarifa ya benki utazame hali ya kila kiasi: kilichoandikwa kuwa kinasubiri bado si malipo. Ikiwa kilichokamilika ni dola 412 peke yake, wa kupigiwa simu ni benki, si kampuni ya meli. Safari nyingine tumia kadi ya mkopo, kwani hapo kinachopungua ni kiwango chako cha kukopa, wala si fedha uliyoiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Nahodha hakutia nanga Cozumel, kisiwa cha Meksiko, kwa sababu ya upepo. Tumerudishiwa dola chache tu kila mmoja. Nauli ya siku hiyo je? Na ziara ya huko nchi kavu tuliyokuwa tumeilipia?

Hizo dola chache ni kodi na ada za bandari ambazo meli haikuzilipa kwa kuwa haikuingia. Nauli hairudi, kwa sababu mkataba wa tiketi, ambao wengi wetu huukubali bila kuusoma, humruhusu nahodha kuruka bandari au kubadili njia. Ziara iliyonunuliwa kwa kampuni ya meli hurejeshewa fedha yake, kwa kawaida kwenye akaunti ya chumba, kwa hiyo itafute kwenye bili kama kiasi kilichopunguzwa kwenye deni lako kabla hujalalamika kwamba haikurudi. Ikiwa mliinunua kwa mwenye ziara wa huko Meksiko, masharti yake ndiyo yatakayoamua, na meli haihusiki.

Kuruka bandari kusichanganywe na kufutwa kwa safari. Kwa kanuni iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2022 chini ya Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini, abiria wa meli kubwa inayoondoka katika bandari ya nchi hiyo ana haki ya kurudishiwa fedha zake safari ikifutwa, au ikicheleweshwa siku tatu au zaidi naye akaamua kutopanda, na kampuni ina siku 60 tangu aombe kumlipa.

Tumeandikiwa ada ya huduma kila siku kwa kila mtu, hata mtoto. Ni lazima kuilipa?

Katika kampuni nyingi zinazosafiri kutoka Marekani ada hiyo inaweza kupunguzwa kwenye kaunta ya huduma kwa wageni, mradi uombe kabla ya kushuka. Ukishafika nyumbani mlango huo huwa umefungwa. Kwa maoni yangu, asiipunguze mtu kwa nia ya kubana matumizi tu, maana hiyo ni sehemu ya kipato cha watu waliotandika kitanda chako na kukuletea chakula. Penye haki ya kubana ni baa: bei ya kinywaji kwa kawaida huwa imekwisha kuongezewa asilimia 18 hadi 20 ya huduma, na ile nafasi tupu ya bakshishi kwenye risiti ni ya bakshishi ya pili.

Tulipewa salio la zawadi la kutumia melini na hatukulimaliza. Litarudi?

Inategemea aina yake. Salio linalotolewa kama zawadi ya matangazo mara nyingi hupotea usiku wa mwisho. Linalotokana na fedha yako mwenyewe, kama ile ya ziara iliyofutwa, kwa kawaida hurudishwa kwenye kadi.

Tumefika nyumbani Minnesota na kukuta vinywaji vya usiku wa mwisho ambavyo hatukuviagiza. Sasa tufanyeje?

Bili inayoachwa mlangoni huenda ilichapwa kabla ya baa kufungwa, ndiyo maana hamkuviona. Iandikieni kampuni mkidai orodha kamili ya matumizi pamoja na nakala za risiti zilizotiwa saini, na mtaje namba ya chumba, tarehe na kiasi cha kila kinywaji. Ikikataa, na kama mlilipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu makosa ya bili inawapa siku 60, tangu mlipotumiwa taarifa ya kwanza yenye kosa, kuiandikia kampuni ya kadi. Simu peke yake haiwalindi kisheria. Wakati uchunguzi ukiendelea mnaweza kuzuia kiasi chenye ubishi, lakini sehemu iliyobaki ya bili ilipeni kwa wakati.