Fundi, giaboksi imekufa au napigwa?

Safari hii barua tatu, zote za klachi na giaboksi za pikapu zilizokula chumvi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana huyu dada naona keshakaribia kupigwa, hizo mbili za mwisho ni fupi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Njombe, nina Hilux ya 1994, fo wili, enjini ya dizeli 3L. Inabeba viazi toka shambani, na mara mojamoja inateremka mpaka Ruaha Mbuyuni kufata vitunguu, kurudi inapanda Kitonga na mzigo. Miezi minne iliyopita klachi ilianza kuteleza fundi akabadilisha pleti, sasa imerudi palepale, kwenye mlima enjini inalia juu gari haivuti na harufu ya kuungua inajaa ndani. Afu asubuhi kukiwa na baridi ukiweka rivasi inakwaruza mpaka majirani wanachungulia. Gia ya tatu nayo inaruka yenyewe ukiachia mafuta. Dereva anaongeza oili ya enjini kila wiki, na pale chini enjini inapoungana na giaboksi pamelowa muda wote. Fundi anasema giaboksi imekufa, anamjua mtu ana ya mtumba, nitoe hela. Nitoe?
*Mama Viazi, Njombe*

JIBU: Marahaba dada. Usitoe hata mia kwanza.

Barua yako imejijibu yenyewe mahali pamoja nami nitakuonyesha. Klachi ndo inaunganisha enjini na giaboksi, ina kazi mbili tu, kushika na kuachia. Ikilika inashindwa kushika, inateleza, lakini gia zinaingia vizuri tu. Ikishindwa kuachia ndo gia zinakwaruza, lakini mlimani inavuta kama kawaida. Ya kwako ikiwa ya moto haishiki, ikiwa ya baridi haiachii. Gari moja ikiwa na magonjwa yote mawili mi mtu wa kwanza kumshuku ni oili, kwasababu pleti (ile sahani ya klachi inayoshika flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya enjini) ikilowa oili ikipata joto inateleza kama sabuni, ikilala usiku na ile baridi yenu ya Njombe inanata, asubuhi unakanyaga pedali lakini pleti bado imeng'ang'ania flaiwili, na rivasi kwenye giaboksi nyingi za zamani haina sinkronaiza (ringi ya kulinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia) ya kuisaidia kwahiyo ndo inayolalamika mapema kuliko wenzake. Na wewe mwenyewe umesema pale chini pamelowa na oili ya enjini inapungua. Huyo fundi aliyeweka pleti mpya akaacha sili (ringi ya raba ya kuzuia oili) inavuja juu yake amekuwekea godoro jipya chini ya paa bovu.

Ila usiniamini mi niliye mbali, amini kidole chako. Ingia chini ya gari (ikiwa imezimwa na imesimama sawasawa, sio inaning'inia kwenye jeki) pitisha kidole kwenye ule unyevu afu nusa. Ikiwa nyeusi na nyepesi hiyo ni oili ya enjini, oili sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya enjini, imekufa. Ikiwa nzito na inanuka kama kiberiti au yai viza hiyo ni oili ya giaboksi, sili ya mbele kwenye shafti inayoingia kwenye klachi. Afu kuna ya tatu, nyepesi kama maji na inababua rangi, hiyo ni mafuta ya breki yanatoka kwenye loa ya klachi, ile silinda ndogo ya chini inayosukuma uma, mkono wa kuachia klachi. Inua raba ya hiyo loa uchungulie ndani, pakiwa na majimaji basi nayo inavuja, badilisha raba au silinda nzima afu mtoe upepo, maana loa inayovuja peke yake inatosha kufanya gia zikwaruze. Nimeona watu wameshushiwa giaboksi nzima kwasababu ya raba ya loa, na fundi akishashusha hawezi kukwambia sikukuta kitu, lazima atakuta kitu.

Kuhusu kuteleza, kipimo kipo cha dakika moja. Gari tupu sehemu tambarare na hakuna mtu mbele, vuta handibreki mpaka mwisho, weka gia ya nne, pandisha mafuta kidogo uachie klachi taratibu. Enjini inatakiwa izime. Ikiendelea kuunguruma tu kama haijaambiwa kitu, klachi inateleza. Fanya mara moja inatosha, usifanye maonyesho, kila ukijaribu unaichoma.

Sasa kwa hali yako giaboksi itashuka kweli, hilo halina ujanja, lakini itashuka ili kufikia klachi na ile sili, sio kwenda kutupwa. Na ikishashuka usibadilishe pleti peke yake tena. Mwambie fundi unataka pleti, presha pleti (inayoikandamiza pleti kwenye flaiwili) na rilizi beringi (inayoisukuma presha ukikanyaga pedali) vyote vitatu, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili pia, inaitwa pailoti, ni kitu kidogo sana lakini ikifa baadae utashusha mzigo wote upya kwa ajili yake. Sili ya nyuma ya krenki ibadilishwe hata kama anasema hii bado, na sili ya mbele ya giaboksi vilevile maana mshafika hapo.

Flaiwili iangaliwe. Ikiwa na madoa ya bluu au vimistari kama maji yametembea juu ya chuma, imeungua, ipelekwe kukerezwa. Kipimo cha Toyota flaiwili isiyumbe zaidi ya milimita 0.1, na pleti ile ya zamani ukipima toka juu mpaka kwenye kichwa cha ribiti ikibaki chini ya milimita 0.3 imekwisha. Nakwambia hivi ili akija kusema ilikuwa imeisha umwombe akuonyeshe, na pleti yako ya miezi minne naona kabisa itakutwa nene tu ila nyeusi inang'aa kwa oili. Hiyo ndo ushahidi. Usikubali aoshe na petroli airudishe, oili ishaingia ndani ya ngozi yake, itatoka tena siku ya kwanza Kitonga. Lile vumbi la klachi nalo wasilipulize na kompresa, pleti nyingi za zamani zilitengenezwa na asbestosi na hiyo ukiivuta inakaa kwenye mapafu, wafute na kitambaa kibichi.

Nimalizie klachi na dereva wako, samahani sana mwambie fundi ndo kasema. Pedali inatakiwa iwe na uchezaji kidogo juu kabla haijaanza kusukuma, kwa Toyota ni milimita 5 mpaka 15, ukiibonyeza na vidole unausikia. Uchezaji usipokuwepo rilizi inakaa imeegemea presha muda wote, na dereva anayeendesha mguu umelala juu ya pedali anafanya hivyohivyo kwa mguu. Kuna na ule ugonjwa wa kusimamisha gari mlimani kwa hafu klachi badala ya breki. Sijataja lumbesa eti, hizo mnazijua wenyewe, Hilux ni gari ya kama tani moja na gunia zenu mnazishonea kilemba juu, kumi hizo unadhani zina uzito gani.

Haya gia ya tatu. Gia kuruka inaweza kuwa ndani ya giaboksi kweli, lakini huanzi ndani. Shika gia liva uitikise ikiwa kwenye fri, ikizunguka kama mwiko kwenye sufuria toa ule mfuko wa raba, toa liva yenyewe uangalie mwisho wake kule chini, kuna kikombe cha plastiki liva imekalia, kikilika gia haziingii mpaka mwisho na ambayo haijaingia mpaka mwisho itaruka tu. Ni spea ya bei ya chakula cha mchana na inawekwa toka juu, ukiwa umekaa kwenye kiti. Kingine ni maunting ya giaboksi, ile raba inayoibeba. Giaboksi ya fo wili ni nzito, ina transfa kesi nyuma (ya kugawa nguvu tairi za mbele na nyuma), ile raba ikikatika ukiachia mafuta mzigo wote unasogea na kuivuta gia itoke, na wewe umesema inaruka ukiachia mafuta! Mtu mmoja apandishe na kuachia mafuta mwingine aangalie pembeni, usijiweke chini, kama giaboksi inacheza umeshampata mwizi.

Hivyo viwili vikiwa vizima, kabla ya kufungua mnamwaga oili mnaiangalia. Hapa kuna kosa la kijinga sana, watu wanafungua nati ya kumwagia kabla ya ile ya kujazia iliyoko ubavuni, oili yote chini afu ya kujazia inagoma imeshika kutu, gari haiendi popote. Fungua ya kujazia kwanza. Oili ikitoka na unga wa dhahabu unaometa, hizo ni ringi za sinkronaiza za shaba zinalika, unga kidogo ni kawaida kwa gari ya umri huo. Ukikuta vipande vya chuma vya kushikika na vidole, hapo ndo nitakubaliana na fundi wako. Kurudisha, oili iwe 75W-90, huo ndo uzito wake, na mi napendelea daraja la GL-4, kuna GL-5 zina dawa kali ambazo hazipatani na shaba zikipata moto, jaza mpaka ifike kwenye ukingo wa tundu, kidole kinaigusa.

Na ikibidi mtumba kweli, usinunue kwa simu. Nenda, izungushe shafti ya mbele kwa mkono huku unaingiza gia moja moja, hesabu meno ya shafti yalingane na pleti yako, hakikisha ni ya fo wili na ya enjini yako, na umwombe muuzaji amwage oili mbele yako. Akikataa kumwaga ondoka tu.

SWALI: Fundi salaam. Niko Kilifi, nina Peugeot 504 pikap ya marehemu mzee, imekaa chini ya mwembe miezi minane. Enjini imewaka vizuri lakini gia haziingii kabisa ikiwa inawaka, ikizimwa zinaingia zote. Pedali ni ngumu kama kawaida, mafuta ya klachi yapo, na loa nimeiona inasukuma uma. Nianze kufungua?
*Mrithi wa 504*

JIBU: Usifungue bado ndugu yangu, na pole kwa mzee. Hewa ya bahari hiyo. Pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu, kila kitu kinasukuma kama kawaida ila yenyewe imegoma kubanduka. Kwanza washa enjini ipate moto sawasawa, zima, kanyaga pedali mpaka chini uizuie na kipande cha mti toka kwenye kiti, iache hivyo usiku mzima. Kuna zinazobanduka zenyewe ukasikia tu mlio.

Isipokubali tafuta uwanja mkubwa usio na watu, wala mbuzi, weka gia ya pili ikiwa imezimwa, kanyaga klachi mpaka chini, piga stata, gari itaondoka yenyewe kwahiyo uwe tayari. Ikishatembea endelea kukanyaga klachi afu achia mafuta na kukandamiza mara mbili tatu, mwishowe breki kwa nguvu. Itabanduka. Siku mbili za mwanzo itakuwa inatetema wakati wa kuondoka, ni kutu inajisafisha, ikizidi wiki basi ndo ushushe. Itunze hiyo gari, 504 ndo ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, sema hizo hazikuwa zimebeba makuti.

SWALI: Shikamoo mzee, mi najifunza gereji. Tumebadilisha klachi ya pikapu, giaboksi inaingia afu inabaki kama sentimita mbili inagoma. Mwenzangu anasema tuweke bolti zote tuivute kwa spana. Ni sawa?
*Kijana wa spana, Morogoro*

JIBU: Marahaba kijana. Si sawa, mwambie mwenzio aweke spana chini kabla hamjapasua kibanda cha klachi au kukunja pleti mpya ya watu. Bolti ni za kushikilia, hazivuti giaboksi.

Hiyo ni pleti haijakaa katikati. Shusheni tena, pole. Legezeni presha, chukueni kile kiplastiki cha kusentia kinachokuja na seti ya klachi, kama hakikuja chukua shafti kuukuu au hata kijiti mkizungushie tepu mpaka kijae kwenye pailoti na kwenye meno ya pleti, afu kazeni bolti za presha kidogokidogo kwa mkato, hii afu ya mkabala wake, sio kuzunguka kama saa. Mkishafika hapo angalieni pia pleti haijageuzwa, upande wenye springi zilizotokeza unatazama giaboksi. Meno ya shafti mpake grisi kidogo mno, ikizidi itarukia kwenye pleti mtakuwa mmerudi kwa Mama Viazi.

Wakati wa kuinua weka gia moja iwe imeingia, mtu mmoja ashike giaboksi iwe sawa na enjini, isilale hata kidogo, mwingine azungushe flenji ya nyuma taratibu kwa mkono mpaka meno yakutane. Itaingia yenyewe, utasikia tu imekaa, afu ndo mtie bolti kwa vidole.