Jumamosi ya mbwa na mrehani

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama ni sawa kumchukulia mwanao Idi mbwa, na dini inasemaje. Ya dini muulize shehe. Ninachojua mimi, sisi watu wa pwani kwa madhehebu ni Mashafii: mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mamaliki wana yao. Swali langu ni jingine: Januari, saa kumi na mbili asubuhi, nani atamtoa nje? Maana mbwa hafunzwi, anayefunzwa ni mwenye mbwa. Nimekwambia mara ngapi?

Ile Jumamosi unaijua. Babu wa jirani kateleza mlangoni pake, nyonga imevunjika, nawe na miaka yako 11 ukajitwika Otto wake bila kumuuliza mtu. Mimi niliamka kwa ajili ya Arsenal. Mechi ya saa sita na nusu mchana kule Uingereza, hapa Minneapolis ni saa kumi na mbili na nusu, giza totoro. Nikakukuta umekaa ngazini, unampaka Otto mafuta ya mgando kwenye nyayo, kidole kwa kidole, chumvi ya barabarani isimchome. Mafuta yenyewe ya mamako. Mechi nikaiacha.

Tukaenda sote ziwani, Lake Harriet. Wenyewe wanasema inchi 4 za barafu ngumu zinambeba mtu wa miguu, na wavuvi walikuwa wametoboa matundu, unene nikauona kwa macho. Bado nilitembea kama ninayepita juu ya mayai. Huko kila mtu anamwita mbwa wake kwa Kiingereza, mbwa wamechanganyikiwa hawajui nani kaitwa. Wewe ukasema, "Otto, kaa!" Akakaa. "Subiri." Ukaenda mbali, yeye katulia, mkia tu unafagia theluji. "Njoo!" Akatimka, na alipofika kwangu, nami nimevua glavu nipige picha, akanilamba mkono wote.

Basi udongo utoke wapi, Januari, Minnesota? Ardhi imekuwa jiwe. Nikachota kwenye chungu cha mrehani cha mamako, ule aliouotesha dirishani kwa miaka miwili. Ulikufa wiki ile ile. Hajanisamehe.

Na yule babu alipopona ikabidi ajifunze Kiswahili ili aelewane na mbwa wake! Nilikuwa nikimsikia uani, "Kaaa, Otto, kaaa," nacheka peke yangu jikoni.

Lakini jioni ya siku ile ulikuwa na hoki pale kiwanja cha mtaani. Nimesimama ukingoni, miguu siihisi, ukapata nafasi mbele ya goli nikapiga kelele, "Piga, mwanangu! Piga!" Ukapiga, likaingia. Kocha akakuuliza yule anayepiga kelele ni nani. Ukasema hujui.

Nilisikia. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa mtoto, na watoto huona haya, mimi mwenyewe nilimkana baba yangu sokoni Mombasa kwa ajili ya kanzu yake yenye kiraka. Kwa hiyo sina la kusema. Ila ulikuwa na miaka 11, Otto alikuwa na miezi minane, na asubuhi ile ile aliitika.

Haya, hilo limepita. Au halijapita, sijui, mbona nimekuandikia.

Kuhusu Idi siamui mimi. Nyumba ni yako na mumeo. Ningekuwa mimi... basi, nimesema siamui. Ila juzi kwenye simu nilimsikia akimsemesha paka wenu kwa Kiingereza kitupu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu unakujua. Mbwa hafunzwi, Zuhura.

Mkija Jumamosi na huyo mbwa, kama mmeshamchukua, na nadhani mmeshamchukua, njooni na udongo wenu. Mamako ana mrehani mpya na ameshanitolea macho.

Babako