Titi limevimba ila sioni kigololi

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Ujiji, nauza dagaa. Titi la kushoto limekuwa la moto na linazidi kukua, wiki ya 3 sasa. Sinyonyeshi, kitinda mimba wangu yuko darasa la 4. Zahanati wamenipa antibayotiki mara mbili, wapi! Mashoga zangu wanasema kama hakuna kigololi (kivimbe kigumu ndani ya titi) sio kansa. Kweli? Mama D

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye kigololi ndo wengi wanapopotea. Kuna saratani ya titi moja adimu, kwenye wagonjwa 100 wa saratani ya titi ni kama 1 mpaka 5 tu, mara nyingi haina kigololi, seli zake zinaziba vimishipa vya limfu (vinavyopitisha majimaji ya mwili) kwenye ngozi ndo maana titi linavimba na kuwaka, na kwa sisi weusi wekundu hauonekani vizuri, unaweza kuona kama zambarau au kama umejigonga mahali. Jiangalie kwenye mwanga, ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa? Chuchu imeingia ndani?

Sisemi ni hiyo, jipu nalo lipo, ila usimeze dozi ya tatu. Nenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Kigoma, wiki hii hii, upigwe utrasaundi na wakate kipande kidogo cha nyama ya titi pamoja na cha ngozi vikapimwe. Ikithibitika wanaanza na kemo (dawa za kuua seli za saratani), kisu baadaye, halafu mionzi, na mionzi ni mpaka hospitali kubwa kama Bugando Mwanza au Ocean Road Dar, kwa hiyo nauli anza kuiwaza. Dagaa mwachie dada yako.