Kwa Nini Sigara ya Kielektroniki Inapata Moto Mfukoni?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Miezi minane iliyopita nilinunua sigara ya kielektroniki, ile tunayoiita vepu, yenye betri ya kutoa na kurudisha. Siku hizi nikiivuta kwa dakika chache inapata moto hadi siwezi kuishika, na juzi ilipata moto ikiwa mfukoni bila kuguswa. Huwa naichaji usiku kitandani kwa chaja ya simu. Rafiki yangu ananishauri niiweke kwenye friji ili ipoe. Joto hili linatoka wapi, nami nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba uitoe betri hiyo, uiweke juu ya sakafu ya saruji mbali na nguo na pazia, na usiirudishe mpaka utakapokuwa umeikagua. Kifaa kinachopata moto wakati kinavutwa kina maelezo ya kawaida, lakini kinachopata moto mfukoni bila kuvutwa kina hitilafu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nitangulize barua yako.

Joto la vepu hutoka sehemu mbili, na inafaa ujue ni ipi unayoishika. Ya kwanza ni juu, karibu na mdomo, ambako kuna koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa na kupitishwa kwenye utambi wa pamba. Koili imetengenezwa ipate moto, kwa kuwa bila joto kimiminika hakigeuki mvuke. Sehemu ya pili ni chini, palipo na betri, na huko joto kali halina kazi yoyote. Ukishika kifaa baada ya kuvuta ukakuta juu ni moto na chini ni vuguvugu tu, mara nyingi tatizo liko kwenye utambi au kwenye mwendo wako wa kuvuta. Ukikuta chini ndiko kunakochoma, acha papo hapo.

Nianze na huko juu. Aliyewahi kutumia koroboi anajua kwamba mafuta yakipungua, utambi wenyewe huanza kuungua na taa hutoa moshi mchungu. Pamba ya vepu nayo iko hivyo hivyo. Kimiminika ndicho kinachoipoza koili, kwa sababu sehemu kubwa ya joto huchukuliwa na mvuke unaoondoka. Ukivuta mara kumi mfululizo bila kupumzika, pamba haipati muda wa kufyonza kimiminika kingine, koili hubaki kavu, na joto linalokosa pa kwenda hushuka kwenye mwili wa kifaa. Subiri walau nusu dakika kati ya mvuto na mvuto, usiache tangi lipungue sana, na safisha matundu ya hewa, ambayo mara nyingi huziba kwa vumbi la mfukoni. Ukisikia ladha ya kuungua, badilisha koili na pamba yake siku hiyo hiyo, kwani kimiminika kinachochomwa kwenye pamba kavu hutoa kemikali zenye sumu, zikiwemo fomaldehaidi na akrolini, nazo huingia moja kwa moja mapafuni.

Sasa tuje kwenye betri. Vepu nyingi za aina yako hutumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650, maana yake ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa huwa na volti 4.2. Gawanya volti hizo kwa ukinzani wa koili, yaani kiasi inavyozuia umeme, kinachopimwa kwa omu, utapata mkondo wa umeme kwa ampea: koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4, lakini koili ya omu 0.15, ambayo vijana huipenda kwa sababu ya wingi wa moshi wake, huvuta ampea 28. Hesabu hii ni ya kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye koili. Chenye saketi ya kudhibiti hutegemea wati ulizoweka, ila huko nako ukipandisha wati unaikamua betri zaidi. Joto ndani ya betri halipandi sambamba na mkondo, kwani mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hiyo betri iliyoandikwa kikomo cha ampea 20 ikilazimishwa kutoa 28 inaumia kila unapobonyeza kitufe, na inavyozeeka ndivyo ukinzani wake wa ndani unavyozidi na joto pia.

Kuhusu kupata moto mfukoni, kuna mawili ninayoyashuku. La kwanza ni kitufe kubonyezwa na ufunguo au simu. Vifaa vingi hujifunga ukibonyeza kitufe mara tano kwa haraka, nawe jizoeze kufanya hivyo kabla ya kuitia mfukoni. La pili ni shoti, na hapa naomba uitazame betri yako kwenye mwanga mzuri. Hivi karibuni nililetewa mezani betri iliyokuwa ikipata moto hivyo hivyo. Ganda lake la plastiki lilikuwa limechanika kwenye ukingo wa juu, mchaniko mdogo kuliko punje ya mchele, na chini yake bati lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Wengi hudhani upande hasi ni kitako tu, kumbe bati lote la betri hiyo ni hasi hadi juu kabisa, na hutenganishwa na ncha chanya kwa pete nyembamba ya kuhami na ganda hilo. Likichanika hapo, chuma chochote kinachogusa pande zote mbili hupiga shoti. Ndiyo maana haifai kabisa kubeba betri ya akiba mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Inunulie kikasha cha plastiki. Nchini Marekani, idara ya serikali inayohusika na moto ilikusanya matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka kati ya 2009 na 2016, na 61 kati yake yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni.

Kuchaji kitandani uache leo. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa joto lake likizidi nyuzi 45, na godoro huzuia joto kutoka. Ichaji mezani au sakafuni ukiwa macho, kwa chaja aliyoitaja mtengenezaji. Gari lililofungwa juani nalo ni tanuri, usiiache humo hata kwa nusu saa. Friji haifai pia: ukiitoa kwenye hewa ya pwani yenye unyevu, matone hujikusanya ndani ya saketi, ukawa umejiletea shoti nyingine.

SWALI: Mimi ni mama wa Tanga. Chumbani kwa mwanangu wa kidato cha nne nimekuta vepu bapa iliyovimba katikati. Nimeificha kabatini kwenye nguo. Inaweza kuwaka?

JIBU: Ndiyo, mama, inaweza. Kilichoivimbisha ni gesi iliyozaliwa ndani ya betri baada ya kuharibika. Itoe kabatini sasa hivi kwa utaratibu, bila kuibonyeza, kuitoboa wala kujaribu kuiwasha. Itie katika ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, uiweke nje kivulini mbali na ukuta wa mbao na watoto. Usiichome na takataka. Itafutie wanaokusanya taka za kielektroniki. Ikianza kutoa moshi, usiisogelee wala kuuvuta moshi huo. Ikiwaka, mwagia maji mengi ukiwa mbali, maana kinachotakiwa ni kuipoza, na piga 114 kuwaita Zimamoto. Na mwanao ukizungumza naye, mwambie kwanza habari ya betri, kwa sababu huenda anayo nyingine chini ya mto anaolalia.